Kigamboni? Kwanza niambieni atavukaje

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Ndugu yako wa mkoani akihamia Dar es Salaam, utamshauri ajenge Kigamboni?” Mimi niko Ujiji, Kigoma, na mdogo wangu amejenga Kibada, huko huko Kigamboni, kwa hiyo swali limenigusa penyewe. Jibu langu ni hapana. Mambo ya ujenzi siyajui, ninayoyajua ni ya kuvuka.

Kwenye ramani Kigamboni na Posta, yaani katikati ya jiji, ni pua na mdomo. Kati yake ni mlango wa bandari tu, ila meli kubwa ikiingia pantoni inasubiri, na nyie mnasubiri.

Nilishuka na treni ya Kigoma nikiwa na dagaa na dumu la mawese. Mdogo wangu akapiga: “Kaka, njoo Feri, nakusubiri upande wa huku.” Jioni, jamani! Saa ambayo Kariakoo yote inarudi nyumbani. Tukabanana kwenye banda la abiria, geti likafunguliwa, watu wakatoka mbio, kina mama na ndoo zao, wanafunzi na mabegi, mimi na dumu. Kifuniko kikalegea, mawese yakachuruzika kwenye kiatu cha bwana mmoja aliyevaa suti. Nikajua leo natukanwa. Akakitazama kiatu, akanitazama mimi: “Haya ni ya Kigoma kweli au yamechakachuliwa?” Ikulu ya Magogoni ikiwa bado inaonekana nyuma yetu, tulikuwa tumeshaelewana bei. Mama mmoja muuza samaki akanipa kipande cha nailoni nizibie, naye akataka lita yake. Mdogo wangu alipokea dumu nusu.

Mtasema daraja lipo. Lipo, tangu Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na linaanzia Kurasini, na gari linalipiwa tozo. Lakini mtu wa Tungi, Kigamboni, anayetembea kwa miguu azungukie Kurasini ili afike Posta? Hapo ni pantoni tu.

Hata hivyo, nikiwaza vizuri, kwani lazima avuke kila siku? Kigamboni sasa ni wilaya, imeshatoka Temeke. Matangi ya mafuta yako huko, bomba la mafuta la TAZAMA linaanzia huko mpaka Ndola, Zambia, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko huko huko. Mdogo wangu mwenyewe anauza vifaa vya ujenzi Kibada na Posta haendi ila kwa shida. Na wizara zenyewe si zimehamia Dodoma?

Basi ajenge. Lakini Kibada au Mjimwema. Kimbiji na Pemba Mnazi asubiri mpaka awe na usafiri wake. Kiwanja asinunue kwa picha za simu, aende akazione bikoni, yale mawe ya mipaka, kwa macho yake, na awaulize wenyeji waliokaa miaka wakiusubiri ule mradi wa mji mpya wa Kigamboni. Na kama kazi yake ni Posta na anatakiwa kuripoti saa moja na nusu asubuhi, apange Ilala.