Bluu iliyokolea au krimu kwa sebule yenye dirisha moja

Dada, umesema sebule ina dirisha moja tena linaangalia ukuta wa jirani, hapo mi nakwambia kuta zipake rangi ya krimu, ile bluu iliyokolea uliyoipenda ni nzuri kweli ila inameza mwanga, saa kumi jioni utakuta ushawasha taa na umeme wa luku ndo huo unakimbia. Kama roho bado inaitaka bluu basi ipige ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya tivii, kuta tatu zilizobaki krimu na dari nyeupe, itatoka bomba sana.

Ila usiamini kadi ya sampuli za rangi ya dukani. Nunua kopo dogo dogo la kila rangi, paka kipande kama mita moja, koti mbili, yaani ipake mara mbili, ikishakauka vizuri iangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka, maana taa ya njano inaifanya krimu izidi unjano na bluu inafifia.

Na kwa kuwa una watoto chukua silki, ile rangi yenye mng'ao kidogo, inafutika na kitambaa kibichi, emalshen ya kawaida, ile rangi ya maji isiyong'aa, ukiisugua inatoka. Bluu mwambie fundi asiishie koti moja, utaona mabaka.