Shampeni ya RM haijaharibika

Dada, usiimwage. Umesema shampeni uliyoletewa kutoka Ufaransa haina utamu hata chembe, na kwenye lebo kuna maneno Extra Brut na herufi ndogo RM. Hizo zinaonyesha kwamba mkulima mwenyewe ndiye aliyelima zabibu na kuitengeneza. Ukiona NM, hao ni watengenezaji wanaoruhusiwa kununua zabibu za wengine. Ukavu, yaani huko kukosa utamu, unatokana na hiyo Extra Brut uliyoitaja: sukari haizidi gramu 6 kwa lita. Aliyezoea soda lazima akunje uso! Ipoze hadi nyuzi 8 au 10 hivi, maana baridi ikizidi harufu inapotea. Inywe na samaki wa kukaanga, keki iache kabisa. Wageni wakidai tamu, watafutie Demi-Sec.