Mchungaji, mfugaji, na yule mtamba wa babu yako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema katika hadithi yako yumo mzee anayelipwa mshahara kwa kuchunga mbuzi wa tajiri, nawe ukamwita mchungaji. Mhariri akalifuta neno, akaandika "mfugaji", eti msomaji atadhani ni mtu wa kanisani. Wauliza nani kati yenu yuko sahihi.

Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: ukitaka kulijua neno, tazama linakataa kukaa na nani. Kufuga hakuchagui. Mtu hufuga kuku, hufuga nyuki, hufuga samaki, hufuga hata ndevu. Lakini hakuna anayechunga ndevu. Kuchunga kunataka kitu chenye miguu, kinachoweza kukuponyoka. Haya, najua utasema ulimi hauna miguu na bado twaambiwa tuuchunge. Sawa, lakini huo nao huponyoka. Tena kuchunga si kuswaga. Anayeswaga yuko nyuma na fimbo, shida yake wanyama wafike. Mchungaji hana pa kufika, anakaa nao wakila.

Anakaa. Hapo ndipo babu yako aliponikamatia.

Nilikuwa na miaka 9, mbuzi 14. Nilichimba mashimo ya bao chini ya mti, nikacheza peke yangu, mkono huu dhidi ya ule, na kama unavyonijua, nikauibia mmoja. Jioni nikahesabu: 13. Nikahesabu upya nikianzia kwa beberu, kana kwamba mbuzi huongezeka ukibadilisha mwanzo. Nikawaingiza zizini, nikasema wametimia.

Babu yako hakuhesabu. Hakuwahi kuhesabu. Alisimama mlangoni pa zizi, akawapitisha macho mara moja, akauliza, "Sikio Jeupe yuko wapi?" Yule mtamba, hajazaa hata mara moja. Nikachukua fimbo nitoke naye. Akanitazama. "Wewe kalale. Umechoka kukaa."

Alirudi alfajiri amembeba mabegani. Mguu ulikuwa umenasa kwenye mawe. Ulipona, lakini tangu siku ile alichechemea, kila asubuhi wa mwisho kutoka zizini, nami nimeshika mlango nikimsubiri. Baba yako mkubwa huisimulia kwa kicheko kila tukikutana. Acha acheke, yeye hakushika ule mlango.

Sasa huyo mzee wako. Mbuzi si wake, kwa hiyo "mfugaji" hapana. Mfugaji ni yule tajiri, hata kama hajui rangi za mbuzi wake. Hapo mhariri kakosea. Lakini nikikumbuka Injili ya Yohana, sura ya 10, mtu wa mshahara anawekwa kando kabisa na mchungaji, maana mbwa mwitu akija yeye hukimbia. Basi mzee wako naye siyo? Hapana, hilo nalo silikubali. Mimi mbuzi walikuwa wa baba yangu, mshahara sikuwa nao, na bado nilikaa tu. Tazama neno linakataa kukaa na nani, nasema, nalo siku ile lilikataa kukaa nami.

Ukitaka kumkwepa mhariri, andika "mchunga mbuzi". Mbuzi wakitajwa papo hapo, hakuna atakayemvika mzee joho. Ila lile "mchungaji" husimama lenyewe, halihitaji kuegemezwa na mbuzi, na ningekuwa mimi ninayeandika... Basi. Hadithi ni yako, nami nilijiapiza kutoingilia kazi zako tena baada ya yale ya mwaka jana. Niambie tu, katika hadithi, usiku mbuzi mmoja akipotea, mzee huyo anaamka? Mimi sikuiona sehemu hiyo.

Mama yako anakusalimu. Nikimaliza hapa nitampigia baba yako mkubwa nimuulize kama Sikio Jeupe alizaa mapacha mara 2 au mara 3. Nimesahau, na inaniudhi.

Baba yako