Barua kwa mwanangu: chile con queso isiyokatika

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako. Umeniuliza kwa nini chile con queso yako, ile jibini ya moto yenye pilipili ya kuchovyea chipsi za mahindi, ilikuwa laini ulipoipakua, lakini wageni hawajafika hata nusu ya bakuli ikawa imekatika: mafuta ya njano juu, chembechembe zinazovutika kama mpira chini. Umeuliza pia kama inaweza kupikwa bila jibini ya kiwandani. Inaweza. Ila kwa maelezo yako, ulianza na jibini, ukaongeza moto iyeyuke upesi, kisha ukamimina maziwa na nyanya juu yake. Mpangilio huo ndio uliokuangusha. Jibini inaingia mwisho, moto ukiwa umezimwa, na kila kinachotaka kupikwa kiwe kimeshaiva.

Sababu yake ni hii. Ndani ya jibini kuna mafuta, maji na protini iitwayo kaseini. Kaseini imeshikana kwa kalsiamu, na wavu huo ndio unaozuia mafuta yasikimbie. Jibini ikipata joto la kadiri, wavu unalegea na yote yanatiririka pamoja. Ukizidisha moto, hasa karibu na kiwango cha kuchemka, protini zinajikunja, zinakazana na kukamua mafuta na maji nje. Hizo ndizo chembe ulizoziona. Zikishajikaza, kukoroga peke yake hakuzirudishi.

Kwa hiyo mchuzi wa jibini unahitaji kitu cha kukaa kati ya protini zisikumbatiane, na kitu cha kuyashika mafuta. Katika jibini ya kiwandani kazi hiyo inafanywa na chumvi za sitreti au fosfeti, zinazoiondoa ile kalsiamu na kuifanya kaseini ishike mafuta na maji kwa pamoja. Ndiyo maana huko Texas, ambako chakula hiki kimekuwa cha kila sherehe, wengi wanakipika kwa kipande cha Velveeta, jibini ya kiwandani, na kopo la nyanya zilizochanganywa na pilipili. Velveeta ilibuniwa mwaka 1918 na Emil Frey huko Monroe, New York, na sifa yake kubwa tangu hapo ni kuyeyuka bila kukatika. Siidharau. Ina ulaini ambao ni vigumu kuupata kwingine, lakini ladha yake ya jibini ni hafifu na chumvi imekolea. Upande wa pili wa mpaka, kaskazini mwa Mexico, chile con queso mara nyingi ni vipande virefu vya pilipili mbichi iliyochomwa, vitunguu na jibini inayovutika. Pilipili ndiyo bibi harusi. Usiichanganye na queso fundido, ambayo ni jibini iliyoyeyushwa kwenye chombo cha moto, inavutika na huliwa papo hapo kwa chapati za mahindi. Wewe unataka ulaini wa Texas na ladha ya pilipili halisi, basi tufuate njia hiyo.

Kwa watu sita tafuta jibini gramu 350, maziwa ya kopo yasiyo na sukari mililita 350, konflawa (ule wanga mweupe wa mahindi) kijiko kikubwa kimoja cha kusawazisha, siagi gramu 15, nusu kitunguu maji, punje mbili za kitunguu saumu, nyanya moja kubwa, pilipili za poblano (kubwa za kijani, zisizo kali sana) mbili na jalapeño (ndogo za kijani, kali zaidi) moja au mbili, na bizari nyembamba robo kijiko cha chai. Soma vizuri maandishi ya kopo la maziwa. Unataka yale yaliyopunguzwa maji tu. Yale mazito yenye sukari yataharibu kila kitu. Maziwa ya kopo yanafaa kwa sababu protini zake ni nyingi kuliko za maziwa ya kawaida na yanavumilia moto bila kuganda.

Uteuzi wa jibini una uzito kuliko unavyofikiri. Jibini changa ina maji mengi, inayeyuka kwa urahisi na kubaki laini. Jibini iliyokomaa sana ina ladha kali, lakini protini zake zimevunjikavunjika na maji yamepungua, hivyo inatoa mafuta upesi. Changanya: gramu 225 za Monterey Jack au cheddar changa, na gramu 125 za cheddar iliyokomaa kiasi. Mozzarella itakupa nyuzi, na nyuzi hazichovyeki. Paneer, jibini iliyogandishwa kwa ndimu au siki, haiyeyuki kabisa hata uikalie usiku kucha, wala halloumi. Usinunue iliyokwishakwaruzwa: hupakwa wanga au unga wa nyuzi za mimea isishikane kwenye mfuko, na unga huo unaweza kuuacha mchuzi na ukakasi mdomoni. Kwaruza mwenyewe kwa upande wa matundu madogo ikiwa bado baridi ya friji, kisha iache mezani nusu saa ipunguze ubaridi. Jibini ya baridi kali inashusha joto la sufuria ghafla, nawe utashawishika kuwasha moto, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Sasa pilipili, na hapa usifanye haraka. Ziweke poblano na jalapeño juu ya moto wa gesi au chini ya moto wa juu wa oveni, ukizigeuza kwa koleo mpaka ganda liwe jeusi lenye malengelenge pande zote. Ni dakika nane hadi kumi hivi. Usiogope weusi, ganda lililobaki na mabaka ya kijani ndilo litakaloganda kwenye nyama ya pilipili na kukusumbua. Zitie kwenye bakuli, funika kwa sahani dakika kumi na tano. Mvuke unaliachanisha ganda, nawe unalikwangua kwa vidole au mgongo wa kisu. Usizioshe chini ya bomba, maana yale majimaji ya hudhurungi yanayoteleza juu ya nyama ya pilipili ndiyo ladha ya moshi uliyoitafuta. Vijipande vichache vya weusi vikibaki, viache.

Pasua, toa mbegu, kata vipande vya nusu sentimita. Ukali haukai kwenye mbegu bali kwenye utando mweupe unaozibeba, kwa hiyo pima ukali kwa kuuacha au kuukwangua utando wa jalapeño. Ukumbuke pia kwamba ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, na jibini itaufunika. Pilipili inayokuchoma kidogo ukiionja peke yake itakuwa ya upole ndani ya mchuzi. Vaa glavu, kama huna, paka mafuta ya kupikia mikononi ukimaliza, sugua, ndipo uoshe kwa sabuni. Na usiguse macho. Ukikosa pilipili mbichi, kopo la pilipili za kijani zilizochomwa linafaa, ila zichuje vizuri.

Nyanya ikate katikati, ikamue maji na mbegu, kisha ikatekate. Maji yake ni adui wa aina mbili: yanaulegeza mchuzi, na uchachu wake ukiingia kwa wingi kwenye maziwa ya moto unayakata. Yeyusha siagi kwenye sufuria yenye kitako kizito, kaanga kitunguu maji kwa moto mdogo mpaka kiwe laini bila kugeuka rangi, tia saumu na bizari kwa nusu dakika, kisha nyanya. Endelea mpaka ukivuta mwiko katikati ya sufuria, njia uliyoifungua ibaki kavu. Tia pilipili, geuza mara mbili tatu, toa yote uweke kando kwenye sahani.

Katika sufuria hiyohiyo, koroga konflawa kwa maziwa yakiwa bado ya baridi. Ukiitia kwenye maziwa ya moto itafanya madonge. Washa moto wa kadiri, piga mchapo bila kuacha, ukifika pembeni mwa kitako ambako maziwa hushika kwanza. Yakianza kutoa mapovu na kuwa mazito, yaache yatokote taratibu dakika moja kamili. Dakika hiyo usiikate: wanga ambao haujaiva una ladha ya unga mbichi, na haujavimba vya kutosha kuzitenganisha protini. Zima moto. Subiri dakika mbili mpaka mapovu yapoe. Kama una kipimajoto, unatafuta nyuzijoto 70 hivi. Kama huna, subiri mvuke utulie.

Ndipo jibini iingie, ngumi moja moja. Koroga kila ngumi mpaka usione tena uzi wa jibini kwenye mwiko kabla hujatia nyingine. Ukizimimina zote kwa pamoja zinashikana kuwa donge, na donge likishatokea nje yake inakazana wakati ndani bado ni baridi. Sufuria ikipoa mno, irudishe kwenye moto mdogo kabisa kwa sekunde ishirini, uitoe tena. Jibini yote ikishayeyuka, rudisha pilipili na vitunguu. Onja ndipo utie chumvi. Mara nyingi haihitaji. Ndimu, kama unaipenda, iwe matone machache juu ya bakuli wakati wa kula.

Uzito wake upime kwa mwiko. Inua mwiko juu ya sufuria: mchuzi udondoke kwa mfululizo bila kukatika, na alama yake ionekane juu kwa sekunde moja ndipo izame. Sufuriani utauona mwepesi. Uache hivyohivyo, kwa kuwa ukipoa kidogo tu mezani unakuwa mzito mno. Ukizidi uzito, ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja, kamwe yasiwe baridi.

Ukitaka ulaini wa kiwandani bila wanga, tumia sodiamu sitreti, mojawapo ya zile chumvi za sitreti nilizozitaja. Gramu 10 zinayeyushwa kwenye mililita 240 za maji, yanapashwa mpaka yaanze kutoa mvuke, kisha unatia gramu 300 za jibini kidogo kidogo ukipiga mchapo. Hata cheddar iliyokomaa inakubali kwa njia hii. Ukiikosa, itengeneze: gramu 7 za ndimu ya unga (asidi ya sitriki) na gramu 9 za bikaboneti ya soda (bekingi pauda haifai) katika maji hayohayo, kwenye sufuria kubwa maana yatafura. Povu likiisha, chemsha dakika moja, endelea. Pima kwa mizani, kwa sababu soda ikizidi mchuzi utakuwa na ladha ya sabuni. Kumbuka ina chumvi yake, usiongeze nyingine kabla ya kuonja.

Kuhusu wageni wanaochelewa: usiache sufuria juu ya jiko hata kwa moto mdogo. Weka bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto yasiyochemka, kitako cha bakuli kisiguse maji, na ufunike. Koroga kila dakika kumi ili utando usijitengeneze juu. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole inafaa pia, ikiwa kwenye kiwango cha kuweka joto tu. Bakuli lililokaa mezani bila joto zaidi ya saa mbili, litupe.

Ikikatika tena, iondoe kwenye moto mara moja. Tia vijiko viwili vitatu vya maziwa ya moto na upige mchapo kwa nguvu. Kama mafuta ndiyo kwanza yanajitokeza, yatarudi. Ikiwa chembe zimeshakaza, tia robo kijiko cha chai cha sodiamu sitreti iliyoyeyushwa kwa maji kidogo, kisha isage kwenye blenda. Usiubane mfuniko wa blenda mpaka mwisho, acha nafasi mvuke utoke. Pilipili zitasagika nayo, kwa hiyo weka akiba kidogo pembeni ya kutia baadaye. Na ujue kutofautisha: chembe zenye ukakasi wa unga mdomoni ni wanga usioiva, nazo zinatibiwa kwa dakika mbili za moto mdogo ukikoroga. Chembe zinazotafunika ni protini, na moto utazidi kuziharibu.

Kinachobaki weka friji, ule ndani ya siku tatu. Kitaganda kama siagi, usishtuke. Pasha kwa moto mdogo na kijiko cha maziwa, au kwenye maikrowevu kwa nusu ya nguvu yake, sekunde thelathini, koroga, tena thelathini. Niandikie ukishaipika, hasa unieleze jibini uliyoipata ni ya aina gani, ili kama inahitaji maziwa zaidi nikuambie kiasi.

Mama yako