Maswali yenu: neno linalonata na kupasua

Swali: Mwalimu "cleave" maana yake nini, kwa ufupi tu.

Jibu: Kwa ufupi haiwezekani. Kila siku nawaambia mnitumie sentensi nzima, we unanitupia neno moja kama unaagiza soda. Lina maana mbili zinazogombana, kuambatana na kupasua, kwa sababu asili yake ni maneno mawili: Kiingereza cha kale kilikuwa na "clifian", kunata, na "cleofan", kupasua, matamshi yakasogeleana mpaka yakafanana kabisa. Fungua Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mwanzo 2:24, mume "shall cleave" kwa mkewe, yaani ataambatana naye. Nenda 22:3, Ibrahimu "clave" kuni (ndiyo "cleave" ya wakati uliopita), kazichanja. Haya njoo Ruthu 1:14, "clave" ileile, Ruthu kaambatana na mama mkwe wake! Sasa wewe ipe simu neno tupu ikutafsirie, uone kama Ruthu hajampasua bi mkubwa. Angalia kinachofuata: ukiona "to" au "unto" hapo ni kunata.

Swali: Kwa hiyo na "clove", karafuu, imetoka humo?

Jibu: Hapana, hiyo ni "clou" ya Kifaransa, msumari, itazame karafuu kavu na kichwa chake utaelewa. Ila "clove" ya kitunguu saumu, ile punje, ndo imetoka kwenye kupasua. Nimeshakula mchuzi wa mtu aliyesoma resipi akachanganya hizo mbili, sitaki tena.

Swali: Naweza kusema gundi ina-"cleave"?

Jibu: Sema "stick" upumzike.

Swali: Kliniki wanasema "adherence", ni kunata pia?

Jibu: Asili ndiyo, Kilatini "adhaerere", kunata kwenye kitu, na "adhesive" imetoka hukohuko. Ila kliniki maana yake ni ufuasi wa dawa, unameza kama ulivyoelekezwa na kwa saa zake, na wewe unayeacha ARV kwa sababu unajisikia mzima au umeambiwa umeombewa, rudi kwa daktari leo hii.

Swali: Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya hivi, si tuseme tu "kustiki"?

Jibu: Hakina? Kunata, kuganda, kunasa, kukwama, hayo umeyapeleka wapi? Halafu sikiliza kamata, fumbata, ambata, kumbatia, ile -at- katikati ni kipande cha Kibantu cha vitu kugusana na kushikana, tunacho tangu zamani kabla hata ya hiyo Biblia ya 1611.