Unataka kutoa santuri ya kwanza? Punguza nyimbo kwanza

Tangu niweke picha ya santuri yetu ya kwanza, simu haitulii. Wengi mnapongeza, asanteni sana. Ila msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, na mimi nina lebo ndogo ya muziki wa kielektroniki. Nyimbo nane ziko tayari. Nianzie wapi?"

Anzia kwa kuzipunguza hizo nane, ndugu yangu. Ziwe nne.

Najua inauma. Nasi tulikuwa na rundo la nyimbo, na prodyuza wetu mmoja alininunia wiki nzima wake ulipoachwa. Lakini santuri haibembelezwi. Ya inchi 12 ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika kama 20. Ukitaka sauti kubwa na besi nzito ya ukumbini, unaikata kwa mizunguko 45, na hapo dakika 12 hivi zinatosha. Besi ndiyo inayoyumbisha sindano zaidi, kwa hiyo mfereji wake, yaani ule mstari uliochongwa ambamo sindano inapita, unakula nafasi. Ukijaza dakika nyingi, fundi wa kukata santuri atabana mifereji na kushusha sauti. Dijei akiicheza yako baada ya santuri ya mwenzako, watu watageuka kutazama spika.

Na huyo fundi msikilizeni. Wetu aliturudishia wimbo mmoja kwa sababu besi yake ilikuwa imetanuliwa kushoto na kulia. Kwenye santuri, besi ya namna hiyo inaifanya sindano ipande na kushuka badala ya kwenda kando, na inaweza kuruka kabisa. Akaomba tuirudishe katikati. Prodyuza akadai anaharibiwa kazi. Sasa hivi anaupenda kuliko zote, ila hatakubali mbele za watu. Jambo jingine: matoazi makali hukwaruza zaidi karibu na kitovu cha santuri, maana kule mzunguko ni mfupi na sauti ile ile inabanwa mahali padogo. Kwa hiyo wimbo mkali utangulie, mpole ufunge upande.

Habari za mikataba nitaziruka, zinachosha. Kama umechukua vipande vya kazi za watu, omba ruhusa kabla ya kiwanda, basi.

Pia usitangaze tarehe ya kutoka mapema. Wimbo hukatwa kwenye diski ya laka, diski inapakwa fedha, inajengewa nikeli, na kutokana na hiyo nikeli hupatikana mihuri ya kugandamizia plastiki ya moto. Kila hatua ina foleni yake, na mafundi wa kazi hizi ni wachache. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule California, kilichotengeneza diski hizo za laka, kiliteketea kwa moto, na dunia ikabaki ikitegemea kampuni ya MDC ya Japani. Kwa mnyororo mwembamba hivyo, wewe unamwahidi mteja Ijumaa ipi?

Sasa nakala za majaribio, zile chache ambazo kiwanda hukuletea uzisikilize na kusaini kabla ya kuchapisha zote. Hapa ndipo nitakaposema kwa sauti. Zetu zilikuja na karatasi nyeupe katikati, hazina hata jina. Tukaweka upande B: tik. Mzunguko mmoja, tik tena. Kiwanda kikatujibu ni vumbi. Vumbi gani linalokaa mahali pale pale kwenye nakala zote? Mlio ukiwa kwenye nakala moja tu, huenda ni uchafu au nakala yenyewe. Ukiwa kwenye zote, sehemu ile ile, kasoro iko kwenye muhuri au nyuma yake. Tuliambiwa tunasumbua, kwamba lebo changa hazina masikio ya kubishana na kiwanda. Tukakataa kusaini. Muhuri ukatengenezwa upya, na tik haikusikika tena. Vijana wanaogopa kuonekana wasumbufu! Pesa ni yako, jina ni lako, sikiliza nakala ya majaribio mwanzo hadi mwisho, pande zote, kwenye mashine zaidi ya moja. Usisaini kwa aibu.

Chapisheni nakala chache. Sisi tulichapisha 300 na kufungua oda za kulipia kabla, na fedha hiyo ikabeba sehemu kubwa ya gharama. Mkizipokea, zisimamisheni wima, mbali na joto. Ukizilaza kwa mrundo zitapinda, na hakuna mteja anayenunua bakuli.

Kuna msambazaji tuliyemtumia nyimbo hizi mwanzoni kabisa. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba santuri za lebo isiyojulikana hujaza stoo tu. Nakiri mstari ule niliuhifadhi. Juzi ameandika tena, safari hii kwa adabu, anaomba nakala 50 alipie akishauza. Nimemtumia kiungo cha duka letu.