Jibu: Mbona darasa zima linaangukia "kufikia matarajio"?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mbona ukitathmini mradi wa bustani ya gunia kwa rubriki (jedwali linaloeleza kila kiwango cha kazi), Gredi ya 7 yako karibu yote inaangukia "kufikia matarajio", kiwango cha pili kutoka juu kati ya vinne. Nafundisha Kilimo JSS (sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi 9), na hilo nimekutana nalo.

Tazama visanduku vya rubriki ulivyobandika hapa. Kuzidisha: "anatunza bustani vizuri sana". Kufikia: "anatunza vizuri". Kukaribia: "anatunza kwa kiasi". Hizo ni alama tu zilizovalishwa maneno. Mwalimu anayesahihisha saa kumi jioni, na madaftari mengine yanamngoja, atajuaje "vizuri" inaishia wapi? Anawaweka wote katikati, yaishe.

Andika kinachoonekana kwa macho. Kwangu, aliyezidisha amemwagilia kwa ratiba, ameng'oa miche ya sukuma wiki iliyodhoofika akapanda mingine, na anaeleza sababu. Aliyefikia amefuata ratiba ila miche iliyokufa imebaki palepale. Anayekaribia humwagilia akikumbushwa. Aliye mbali na matarajio, gunia limekauka. Hata mwalimu wa Hisabati akinishikia kipindi, tutatoa kiwango kimoja.

Halafu kuna miradi ya wazazi, tusifichane. Gunia linaletwa limekamilika, baba ndiye fundi. Ndiyo maana nusu ya rubriki yangu ni ya hatua: mchoro wa kwanza, kumbukumbu za kila wiki, na maswali mawili matatu mtoto akiwa amesimama kando ya gunia lake. Aliyejichanganyia udongo na mboji hujibu bila kukwama. Yule mwingine anaanza kutazama wenzake.

Karatasi ya rubriki wape wanafunzi siku ya kwanza, na uwaulize wasichokielewa. Darasa langu moja lilikataa "nafasi ya kutosha kati ya miche", tukakubaliana iwe upana wa kiganja.

Miradi ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, ni habari nyingine. Inakuja na vigezo vyake, vifuate vilivyo, kwa sababu tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na 8 inabeba asilimia 20 ya alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10. Na vile viwango vinane vya JSS, ambavyo ni vinne vilevile kila kimoja kimegawanywa mara mbili, visikutishe: amua kwanza kati ya vinne, kisha uliza kama mtoto yuko upande wa juu wa kiwango hicho au wa chini.